Mpeni Bibi Kipande cha Samaki

Karatasi ile ingali imebandikwa kwenye mlango wa friji ya mamangu, na kila nikiipita damu inanichemka. Bibi alipewa kliniki mwezi uliopita alipopimwa sukari na presha. Upande mmoja vya kuacha: nazi, wali, mahamri, chumvi, sukari, vya kukaanga. Upande wa pili vya kula: uji wa oti, tufaha, brokoli, maziwa yaliyotolewa mafuta. Nimezaliwa Lamu, nimekulia Langoni, na brokoli sijaiona hata siku moja sokoni pale kando ya Ngome.

Bibi ni mtu wa kutii. Aliviacha vya upande wa kwanza, na vya upande wa pili hakuvipata. Akabaki na chai ya rangi isiyo sukari na slesi mbili za boflo, asubuhi na jioni. Mchana kabeji ya kuchemsha. Wiki nne tu, na leso anayojifunga inamzunguka mara mbili. Ngazi za nyumba yetu alizokuwa akizipanda peke yake, sasa anashikwa mkono.

Majirani wakimwona wanasema, "Mashaallah, amepungua, sukari itashuka." Jamani! Mtu wa miaka 78 akikonda hivi, kinachoondoka si mafuta peke yake. Ni misuli, ile ile inayomsimamisha kutoka kwenye mswala.

Wataalamu wa lishe ya wazee wanasema mzee apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Kijana anatosheka na 0.8. Yaani mzee anahitaji zaidi, kwa kuwa mwili wake umekuwa mzito kuigeuza protini kuwa misuli. Bibi ana kilo 52, basi hesabu yake haipungui gramu 52. Slesi ya boflo ina gramu 2 au 3. Chai ya rangi haina kitu. Sasa tazama chakula chetu wenyewe: samaki aliyepikwa, gramu 100 tu, anampa kama gramu 20. Yai moja, 6. Kikombe cha mbaazi zilizoiva, kama 11. Vipande viwili vya samaki changu vya gramu 100 kila kimoja, yai na kikombe cha mbaazi, amefika. Na samaki na yai havipandishi sukari.

Mwenye ugonjwa wa figo asinisikilize mimi, amsikilize daktari wake.

Lakini kosa si la karatasi peke yake, na hili linaniuma zaidi kulisema. Sinia ikitengwa nyumbani, vipande vinono vinakwenda kwa wanaume, kisha kwa watoto. Bibi anachovya mkate kwenye mchuzi, anasukuma nyama ya samaki upande wa wajukuu, anasema, "Nimeshiba, mwanangu." Tangu nina akili anasema hivyo, nasi tunamwamini kwa sababu kumwamini ni rahisi. Msimu wa kusi ndio balaa: bahari imechafuka, madau hayatoki, samaki anapanda bei, na wa kwanza kukosa kipande ni yeye. Meno nayo yamemtoka. Hakuna aliyekaa akamtolea miiba.

Nakubali, nazi tunazidisha. Tui zito kwenye wali, kwenye mbaazi, kwenye samaki, siku hiyo hiyo, si jambo la mtu mwenye presha. Na sukari kwenye chai yetu ni nyingi mno, halua hata sizitaji. Lakini tui linaweza kuwa jepesi. Mbaazi zinaweza kuungwa kwa kitunguu na nyanya. Mbona hakuna aliyemwambia hivyo?

Wa umri mwingine nao wanapewa maneno nusu nusu. Mtoto maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, hilo kila mtu analijua; kisha anapewa uji mwepesi kama maji, wakati unatakiwa uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, na samaki aliyepondwa juu yake. Mjamzito anahimizwa ale mchicha kwa ajili ya damu, halafu anateremshia chai ya rangi pale pale, chai inayozuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Angekamua ndimu badala yake. Watoto wa shule, soda na krisi mlangoni. Nikianza hapo sitamaliza leo.

Tangu Ijumaa bibi namlisha mwenyewe. Tafi wa kuchemsha kwa ndimu na bizari, natoa miiba kwa vidole, nakaa mbele yake mpaka amalize. Siku ya kwanza alinisukumia nusu. Jana alimaliza, akauliza kama kuna kingine.

Jumatatu tunarudi kliniki. Nyuma ya karatasi ile nimeandika kila alichokula wiki nne zile, siku kwa siku, na uzito wake wa kwanza na wa sasa. Nitaiweka juu ya meza kabla sijaulizwa neno.