Sababu ya tumaini iko kwenye sufuria ya maharagi

Wanaosema tumekwisha kushindwa na mabadiliko ya tabianchi wanasahau jambo moja kubwa. Siku binadamu watakapoacha kuongeza hewa ukaa angani, joto la dunia litaacha kupanda ndani ya miaka michache. Kwa hiyo kila tani isiyochomwa leo inapunguza joto ambalo watoto wetu watalikuta. Kabla ya Mkataba wa Paris wa 2015, makadirio ya ongezeko la joto yalielekea nyuzi 4 hivi kufikia mwisho wa karne. Leo ni karibu 3. Nyuzi 3 bado ni janga, hasa kwa mkulima wa Rutshuru, huku mashariki mwa Kongo, anayetegemea mvua. Lakini kiwango hicho kilishuka kwa kazi ya watu, na kazi iliyobaki ni ya namna ileile: kuzima moto mmoja baada ya mwingine kwa kuweka kitu bora mahali pake.

Hapa Goma moto wenyewe ni mbabula, jiko la makala (mkaa). Ili kupata kilo moja ya makala kwenye tanuri la udongo, huchomwa kilo 5 hadi 10 za kuni, na sehemu kubwa ya miti hiyo hutoka misitu ya Virunga. Kilo hiyo ya makala ina nishati ya karibu kilowati-saa 8, lakini nyingi hupotelea pembeni mwa sufuria. Tena mji uko karibu mita 1,500 juu ya bahari, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu. Ndiyo maana maharagi yetu hukaa motoni saa nyingi na kula makala bila huruma.

Sufuria ya umeme ya presha huondoa matatizo yote mawili. Ndani yake joto hupita nyuzi 110, na presha ikishajaa umeme hujizima na kuwaka kwa vipindi. Nusu kilo ya maharagi makavu huiva kwa chini ya nusu ya kilowati-saa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, tia lita moja na robo ya maji mapya kwenye sufuria ya lita 6, weka dakika 35. Kisha acha presha ishuke yenyewe kwa robo saa. Ukifungua vali kwa haraka, povu la maharagi huruka na kuiziba. Vilevile ukijaza kupita nusu, kwa sababu maharagi huvimba.

Wengi huiacha sufuria hii baada ya muda mfupi, na mara nyingi kosa si la sufuria. Mpira wa mfuniko ukipasuka au ukivaliwa vibaya, mvuke hutoka pembeni, presha haijai, maji yanakauka na chakula kinaungua. Punje moja ikibaki kati ya bakuli na sahani ya moto, joto halisambai. Lakini tatizo kubwa ni nyaya. Kifaa cha wati 1,000 kikichomekwa kwenye ralonji (waya wa kurefusha) nyembamba ya taa, waya hupata moto na soketi huyeyuka. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 180, nguvu hubaki wati 670 hivi, na mama anaamini kauziwa kifaa kibovu. Waya wa milimita 2.5 za mraba kutoka kwenye kontere (mita ya umeme) hadi jikoni ungemwondolea shida hiyo.

Umeme wenyewe si ndoto. Stesheni ya umeme ya Matebe, kwenye mto Rutshuru, ilizinduliwa Desemba 2015 ikiwa na zaidi ya megawati 13 za nguvu ya maji. Ndosho, mtaa wa hapa Goma, ilipata mtambo wa jua wa megawati 1.3 mwaka 2020, uliowezekana kwa sababu bei ya paneli duniani ilishuka kwa karibu asilimia 90 ndani ya miaka kumi. Vita vinaweza kuharibu haya yote: Januari 2025 mapigano yalipoingia mjini, umeme na maji vilikatika. Hilo linaniuma, na kwa maoni yangu ndilo linalostahili kuogopwa kuliko ukosefu wa teknolojia. Ndiyo maana nyumba isitupe mbabula mwaka wa kwanza. Ibaki ya dharura.

Kinachokwamisha familia ni pesa ya kuanzia. Makala hununuliwa kidogo kidogo kwa pesa ya leo, sufuria hudai fedha zote kwa mkupuo. Hapo likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, inatosha kabisa: akina mama kumi na wawili wa avenyu moja wakichanga kila mwezi, mwaka ukiisha kila jiko lina sufuria. Wachange na ziada kidogo kwa fundi, apime volti jioni, saa ambayo kila mtu anapika, na abadilishe waya kabla sufuria ya kwanza haijaletwa.