Shusheni simu, mpira umeanza

Nilidunduliza miezi kadhaa ili niingie Anfield, uwanja wa Liverpool, usiku wa Ligi ya Mabingwa. Saa 2 kasoro usiku, taa zinamulika, skafu nyekundu zimeinuliwa, jukwaa la Kop linaanza kuimba taratibu, sauti inapanda mpaka unaisikia kifuani. Na mimi naona nini? Simu. Jamaa wa mbele kainua mikono yote miwili, anarekodi wimbo mzima bila kufungua mdomo. Kulia kwake mwingine anajirekodi mwenyewe, uwanja kaupa mgongo!

Kona ikipigwa, simu juu. Faulo karibu na boksi, simu juu. Nachungulia kwapani mwa watu kama mtoto asiye na kiingilio, na tiketi ninayo mfukoni.

Jamani, uwanja huu ndio ulioipindua Barcelona 4-0 mwaka 2019, baada ya Liverpool kufungwa 3-0 kule Camp Nou, uwanja wa Barcelona. Bao la nne, dakika ya 79, Alexander-Arnold alijifanya anaondoka kwenye kona, akageuka ghafla akaupiga, Origi akamaliza. Mabeki wenyewe walikuwa hawajajipanga. Ukiinamia kioo kutafuta filta, bao kama hilo linakupita.

Marudio yapo kila mahali, tena yamepigwa na kamera nzuri kuliko yako. Kinachokosekana ni sauti yako pale jukwaani. Imba, ndugu yangu. Au basi kaa chini, nami nione.