Binti asiye na kaka: wanawake wa mijini China na deni la wazazi

Mwishoni mwa wiki, katika Bustani ya Watu katikati ya Shanghai, wazazi hufungua miavuli, wakailaza chini na kuibandika karatasi. Karatasi ina mambo machache: mwaka wa kuzaliwa, kimo, shahada, mshahara, nyumba, na hukou, yaani usajili wa ukaazi unaompa mtu haki ya shule na huduma za mji. Mama hukaa nyuma ya mwavuli wake, akingoja mzazi mwenzake asimame asome. Mara nyingi binti anayetafutiwa mchumba hayupo, na pengine hana habari.

Wengi huwalaumu mabinti hawa: wamesoma, wameshika pesa, sasa wanajifikiria wenyewe tu. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ya China iliingiza katika orodha ya maneno mapya neno shengnü, analoitwa msomi wa mjini anayekaribia miaka 30 bila mume. Sheng ndilo neno la chakula kilichobaki. Kwa Kiswahili tungesema kiporo. Ni tusi, na linaumiza.

Lawama hiyo inasahau chanzo. Sera ya mtoto mmoja, iliyodumu tangu 1980 hadi 2015, ilikuwa ya kikatili, na mimba nyingi za watoto wa kike zilitolewa. Lakini mijini ilileta kitu ambacho walioitunga hawakukikusudia: binti asiye na kaka. Fedha za shule, masomo ya ziada na matumaini yote ya ukoo vilimwangukia yeye. Leo wanawake ni zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Utamleaje mtoto miaka ishirini na zaidi ukimtaka aongoze darasa, kisha umwambie elimu yake imezidi, inatisha waoaji?

Hata hivyo, yule mama wa mwavuli siwezi kumbeza. Binti yake hana ndugu. Wazazi wakiugua, atauguza peke yake. Wakifa, mwaka mpya utamkuta peke yake mezani. Hofu hiyo ni ya kweli, na hakuna mshahara unaoiondoa.

Serikali nayo ina hofu yake: ndoa zikipungua, watoto nao wanapungua. Mwaka 2013 zilisajiliwa ndoa zaidi ya milioni 13. Mwaka 2024 zilikuwa kama milioni 6.1. Ni kweli vijana wenyewe wamepungua na nyumba ni ghali. Lakini hapa ndipo ninapoona serikali inajipinga yenyewe. Mwaka 2018 mwanamke mmoja wa Beijing ambaye hajaolewa alikataliwa hospitalini kugandishiwa mayai yake ya uzazi ili ayatumie baadaye. Alishtaki, na mwaka 2024 akashindwa kwenye rufaa. Mwanamume asiye na mke anaruhusiwa kuhifadhi mbegu zake. Watoto wanatakiwa, ila mwanamke haaminiwi kuamua atawapata lini na kwa njia gani.

Kazini hali hairahisishi. Tangu 2019 ni marufuku mwajiri kumuuliza mwombaji wa kike kama ameolewa au ana mpango wa kuzaa, lakini malalamiko hayajaisha.

Na yupo mwanamke mwingine asiyetajwa sana: ayi, yaya kutoka mkoani, anayempikia msomi aliyekwisha kuolewa na kumlelea mtoto ili aweze kukaa ofisini hadi usiku. Wengi wao wamewaacha watoto wao kijijini kwa bibi, maana bila hukou ya mji, kupata shule ni shida.