Niko Tana, Darajani

Kosa lilikuwa langu, nakiri mapema. Lakini na hao Wanorwei nao, nani aliwatuma kuuita mto wao Tana?

Mimi mtoto wa Garsen, kando ya mto Tana wa Kenya, nafanya kazi Oslo. Mwezi wa sita mmoja mwenzangu wa kazini akanialika kwao Tana, kaskazini kabisa. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Kufungua ramani, kumbe kweli: mto Tana, unateremka kwenda Bahari ya Barents, na kwa zaidi ya kilomita 250 mto huo ndio mpaka wa Norwei na Ufini. Wasami, wenyeji wa huko, huuita Deatnu, yaani mto mkubwa. Mkubwa! Wetu unakaribia kilomita 1,000, huo haufiki hata 400. Nikanyamaza. Mgeni hashindani na mwenyeji, hasa mwenyeji akiwa ndiye mwenye gari.

Tukafika mji unaoitwa Tana Bru, na "bru" ni daraja. Mchanga umetanda ukingoni kama kwetu maji yakipungua. Nikapiga picha, shetani akanishika mkono, nikaandika kwenye grupu la familia: "Nimefika Tana. Niko hapa darajani." Simu mfukoni, safari ikaendelea.

Usiku tulikuwa Utsjoki, tumeshavuka upande wa Ufini. Simu ikaita. Mjomba.

"Uko wapi?"

"Niko Tana, mjomba."

"Hilo najua. Upande upi wa daraja? Nimesimama hapa Idsowe tangu magharibi, na kijana wa boda anadai pesa ya kusubiri."

Jasho likanitoka na baridi yote ile. "Mjomba, hii ni Tana ya Norwei."

Kimya. Kisha nikamsikia akimnong'oneza mtu: "Amelewa." Akarudi kwangu. "Huko saa ngapi?"

Sasa sikia balaa. Ufini iko mbele ya Norwei kwa saa moja, ukivuka mto tu simu inaruka. Na wakati wa kiangazi saa ya Ufini ni ileile ya Kenya, haipungui wala haizidi.

"Saa tatu na nusu usiku."

"Na hapa saa tatu na nusu! Unajipiga nini, mbona nasikia makofi?"

"Mbu, mjomba." Na sikuongopa. Mbu wa kule wakati wa kiangazi huja kama moshi. Malaria hawana, lakini haya pia hawana.

"Mchanga upo?"

"Upo."

"Mamba?"

"Mamba hakuna."

"Basi umesimama mbali na maji! Sogea mtoni nikuone."

Nikaona dawa ni kumpigia ya video. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kule juu, tangu katikati ya Mei hadi mwisho wa Julai, jua halizami. Mjomba yuko gizani, ameshika tochi, ananiona nimekunja uso kwa jua.

"Umejirekodi mchana, unakuja kunichezea usiku," akasema, akakata.

Nikampigia mama. Hakunigombeza, ndiyo iliyouma zaidi. "Mwanangu, kuku wawili tumeshachinja. Wali wa nazi uko mekoni. Sasa nani atakula?"

Asubuhi grupu zima likataka angalau niwatumie samaki. Nikaeleza kwamba mwaka 1928 mto huu ulitoa samoni wa kilo 36, lakini siku hizi wamepungua mno, na mwaka 2021 kuwavua kulipigwa marufuku.

Mjomba, aliyekuwa kimya tangu usiku, akajibu: "Tana haina mamba, haina samaki, jua linawaka usiku. Sawa. Lipa boda."

Chini yake akaweka namba ya M-Pesa ya yule kijana, na hesabu ya saa tatu za kusubiri.