Jeshi la Kubuni Linatosha

Mtu akisema anataka kutengeneza, hapa Mombasa na kwa bajeti ndogo, filamu ya mtambo wa viumbe wa anga unaogombaniwa na wanajeshi, huulizwa kwanza: vifaru utavitoa wapi? Swali si la kipuuzi. Bunduki aina ya G3 ina uzito wa takriban kilo 4. Ya mbao isipotiwa kipande cha nondo ndani, mwigizaji huibeba kama ufagio, na watazamaji huanza kucheka.

Ila vifaa vya jeshi vina gharama isiyoonekana kwenye bajeti. Wizara ya Ulinzi ya Marekani husoma mswada wa filamu kabla ya kutoa ndege wala askari. Watengenezaji wa filamu ya Independence Day (1996) walitakiwa waiondoe Area 51, kambi ya siri ya jeshi la anga la Marekani. Walipokataa, wakanyimwa msaada. Na hapo ndipo serikali ya hadithi hiyo ilipokuwa imeficha chombo cha wageni! Hadithi ya jeshi linaloficha teknolojia, msomaji wake wa kwanza akiwa jeshi lenyewe: kitakatwa nini, kama si kile kile kilichomfanya mwandishi ashike kalamu?

Mwongozaji Gareth Edwards alitengeneza filamu ya Monsters (2010) kwa chini ya dola 500,000, na picha za kompyuta alizifanya mwenyewe. Viumbe huonekana kwa nadra. Tunachokiona zaidi ni uzio, vibao vya onyo na mabaki ya zana za kivita. Wapo wanaosema huko ni kukwepa kazi. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe, maana hofu inajengwa na vitu ambavyo fundi wa Jomvu anaweza kuvichomelea.

Kazi hiyo ina mitego yake. Ukitaka chombo kilichochorwa kwa kompyuta kielee juu ya bahari mbele ya Fort Jesus, programu ya kufuatilia mwendo wa kamera hutafuta alama zisizosogea, na mawimbi hayatulii. Chombo huteleza angani kama tiara iliyokatika uzi. Acha kona ya ukuta au jabali la matumbawe ndani ya fremu, au funga kamera kwenye tripodi. Mwako wa risasi udumu fremu 1 au 2 kati ya 24 za kila sekunde, na taa imulike shavu la mwigizaji papo hapo. Mlipuko ulio umbali wa mita 680 kutoka kwa kamera usikike sekunde 2 baada ya mwanga. Wahariri wengi huviweka pamoja.

Kibali cha kurekodi kinahitajika vilevile, polisi wa eneo waarifiwe, na kamera isielekezwe kambi ya wanamaji ya Mtongwe. Sare zishonwe zisifanane na za KDF, yaani Jeshi la Ulinzi la Kenya: ovaroli za kijivu zinatosha.

Helikopta ndiyo ngumu kuiigiza. Feni kubwa itarusha mchanga wa ufuo vizuri, lakini minazi ya nyuma ikibaki imetulia, uongo umeshajulikana. Piga picha hiyo kwa karibu, mgongo wa mwigizaji ukiwa ukutani.