Bolti Yenye Msimamo Wake

Katika kila injini hupatikana bolti moja ambayo haitambui kwamba, tangu ilipobuniwa, kazi yake ilikuwa kufungwa na kufunguliwa. Wenzake wote walielewa maneno hayo mawili, lakini yenyewe ililisikia la kwanza tu, kisha ikatia pamba masikioni. Yangu imekaa chini ya altaneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini ili kuichaji betri. Altaneta hiyo imeanza kulia kwenye beringi zake, na taa nyekundu ya betri imekataa kuzimika, hivyo nikaamua kuibadilisha mwenyewe nyumbani, kwa kuwa kazi yenyewe, kwa maelezo ya kila mtu niliyemuuliza, ni ya bolti mbili tu. Ya juu, ile fupi inayoshikilia mkanda usilegee, ilifunguka kwa adabu zake zote na kuniangukia kiganjani. Ya chini, ile ndefu inayopita kwenye masikio ya altaneta na kuingia kwenye kishikio cha aluminiamu, bado tunajadiliana.

Kichwani mwake imechongwa namba 8.8. Wengi hudhani hiyo ni mapambo, kumbe ni sifa anazojitangazia mwenyewe mbele ya adui. Nane ya kwanza maana yake ni kwamba kila milimita moja ya mraba ya chuma chake huhimili kuvutwa kwa nyutoni 800 kabla ya kukatika, yaani uzito wa mtu mzima wa kilo 80 na ushei. Nane ya pili inasema kwamba hata kuanza kunyooka bila kurudi haianzi mpaka ifikishiwe asilimia 80 ya nguvu hiyo. Sasa bolti yenye unene wa milimita 10 ina milimita za mraba zipatazo 58 zinazofanya kazi, kwa hiyo watu wazima zaidi ya 50 wanaweza kuning'inia kwenye kijiti hicho chembamba kuliko kidole changu cha mwisho, na kisikatike. Mimi niko peke yangu, na nimeshinda na spana namba 14 mkononi.

Nisemeje kuhusu kitabu cha matengenezo? Kimetumia aya nzima kunieleza namna ya kuchomoa waya wa hasi wa betri kabla sijagusa chochote, na hapo sina ugomvi nacho, maana ule waya mnene wa nyuma ya altaneta huwa na umeme wakati wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kimenieleza pia namna ya kulegeza mkanda, upande gani wa kuusukuma na upande gani wa kuukwepa. Kilipofika kwenye bolti yangu, kikaandika kwa ufupi wa mtu anayewahi basi: “Ondoa bolti ya chini.” Pembeni kimeweka mchoro wa injini iliyotolewa ndani ya gari, safi, imewekwa mezani, ikiwa na nafasi kila upande, na mshale mdogo unaoionyesha bolti kana kwamba tatizo langu lilikuwa ni kutoiona.

Kuiona naiona, ila kuifikia ndiko kwenye kazi. Wahenga waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame, walikuwa wakizungumzia mambo mepesi. Laiti ningetakiwa kuinama tu, ningeshukuru. Hapa nalala chali, bega moja limebanwa na tairi, mkono wa kushoto umepita juu ya kichujio cha oili na ule wa kulia umetokea upande ambao sikuutarajia, huku vumbi la kutu likinidondokea machoni kila ninapoyafumbua. Aliyesanifu sehemu hiyo aliacha nafasi inayotosha mkono kuingia, akaacha na nafasi inayotosha spana kuingia, lakini hakufikiria kwamba viwili hivyo vingehitajika pamoja.

Spana ya mdomo ilipewa shingo iliyopinda kwa nyuzi 15 ili ukiigeuza kila mara uweze kufanya kazi hata penye nafasi ya nyuzi 30 tu, na ninakiri kwamba aliyelifikiria jambo hilo aliwahi kulala mahali nilipolala mimi. Tatizo ni kwamba mdomo huo unashika pembe mbili tu za kichwa, na bolti yenye kiburi hungoja hapo hapo ili izile pembe zake na kubaki mviringo, isishikike tena na chochote. Kwa sababu hiyo nimehamia kwenye soketi ya pembe sita, inayokumbatia kichwa pande zote, na sishauri mtu yeyote ailetee bolti iliyoshika soketi ya pembe kumi na mbili. Kisha kuna suala la upande wa kuzungushia. Bolti hufunguliwa kinyume cha mwendo wa saa, hilo linafahamika, ila saa hiyo inatazamwa na nani? Mimi nimelala chini, kichwa cha bolti kinaelekea nyuma ya gari, mkono wangu umezunguka kwa mbele, na mtoto wangu anayenimulikia kwa simu amesimama juu akisema, kwa heshima kabisa, “Baba, mbona kama unakaza?”

Kutu nayo ina elimu yake. Chuma kinapogeuka kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko kilipokuwa chuma, na ndani ya tundu la bolti nafasi ya ziada haipo, kwa hiyo kutu hujisukuma na kubana pande zote mpaka meno ya bolti na meno ya tundu yakawa kitu kimoja. Ukiongeza kwamba bolti ni ya chuma na kishikio ni cha aluminiamu, basi umekaribisha ugomvi wa pili, maana metali hizo mbili zikigusana penye maji, hasa maji yenye chumvi, aluminiamu huliwa na kuacha unga mweupe unaojaza kila upenyo. Dawa yake ni mafuta ya kupenya. Yale maarufu ya WD-40 yalitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, kwa ajili ya kukinga kutu, na jina lake linatokana na jaribio la 40 la kutafuta mchanganyiko wa kufukuza maji. Hebu fikiria, wakemia waliokaa kwenye viti, penye mwanga na meza, waliruhusiwa kukosea mara 39, ilhali mimi niliye chini ya gari naulizwa tangu asubuhi kama bado sijamaliza. Mafuta niliyokuwa nayo nimeyamimina bila ubahili. Yamelowesha mkanda ambao hautakiwi kulowa, yamelowesha shati, yakapita kwenye mkono wa shati mpaka kwapani, na machache yaliyobaki yakaifikia bolti. Yakae usiku kucha, wanasema, yapenye taratibu. Nimeyaacha yakakaa, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Gari lililofunguliwa boneti huvuta washauri, na kila mshauri huja na mikono mifukoni. Wa kwanza alinitaka niipashe moto, na kwa haki hakukosea kisayansi, kwa sababu aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, hivyo tundu lingeiachia bolti. Alichokisahau ni kwamba sentimita chache kutoka hapo unapita mpira wa petroli, na nimelowa mafuta mpaka kwapani. Wa pili alisema niigonge kichwani kwa nyundo, mapigo mafupi na makavu, ili mtikisiko uivunje kutu. Wa tatu, ambaye ndiye jirani ninayemheshimu kuliko wote, alichutama, akaitazama kwa muda mrefu, akasema, “Jirani, ikaze kwanza.” Nilitaka kumwambia kwamba bolti hii imekazwa vya kutosha na wala haihitaji mchango wake. Linaloudhi zaidi ni kwamba alikuwa sahihi, kwa kuwa kuisukuma kidogo upande wa kukaza huikata ile kutu, kisha unarudi upande wa kufungua, unakwenda mbele, unarudi nyuma, mpaka ichoke.

Lakini hasira zangu hasa ziko kwa fundi aliyeifunga. Bolti ya unene huo na daraja hilo hukazwa kwa takriban nyutonimita 50 (ndicho kipimo cha nguvu ya kuzungusha), tena sehemu kubwa ya nguvu hiyo, kama asilimia 90, huishia kwenye msuguano wa kichwa na wa meno, na ni sehemu moja tu katika kumi inayobana kile kilichokusudiwa kubanwa. Fundi huyo, ambaye simfahamu na ambaye nimemwazia mengi, hakuridhika na hesabu hiyo. Aliifikisha panapotakiwa, akavuta pumzi, akaongeza na ya kwake. Aliongeza kwa mapenzi, bila shaka, ili isilegee njiani, na ndiyo maana haijalegea njiani, haijalegea nyumbani, na haina mpango wa kulegea popote.

Basi nikaleta bomba la chuma na kulivisha kwenye mpini wa soketi. Nguvu mara urefu, ndiyo sheria yenyewe: mtu wa kilo 70 akiuegemea mpini wa sentimita 30 hutoa nyutonimita zipatazo 200, na akiurefusha mpaka mita moja hukaribia 700. Bolti yangu hukatika kabla hujafika hata nusu ya hapo, na ndiyo maana bomba hutaka mkono wa pole kuliko kitu kingine chochote karakanani. Hiyo inayobeba watu 50 wakining'inia huweza kunyongwa shingo na mtu mmoja mwenye bomba na hasira. Nilikuwa na vyote viwili. Dalili ya hatari ni moja, na huisikii masikioni bali mkononi: bolti inayotaka kukatika hulainika kwanza, ikaanza kufuata mpini bila ubishi, nawe ukadhani umeshinda.

Nikagonga kichwa mapigo makavu, nikakaza nyuzi moja, nikavuta. Nikaongeza mafuta, nikakaza, nikavuta. Mpini ulikuwa ukinirudisha kila mara, ukipinda kidogo na kunyooka, mpaka ulipotoka mlio mkavu, “ta!”, ambao hakuna fundi duniani anayeweza kukuambia papo hapo kama ni wa bolti kuachia au wa bolti kufariki. Watu wote wakanyamaza. Nikaizungusha kwa vidole viwili huku nikikitazama kichwa chake kwa karibu, maana kikizunguka mahali pamoja, shingo imekwenda. Kikasogea nje, upana wa ukucha, kikiwa na uzi mwembamba wa mafuta meusi.

Ilipotoka yote niliigeuza mkononi. Sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa inang'aa, haina hata doa, ila katikati palikuwa na pete ya unga mweupe isiyozidi upana wa kidole, na hiyo ndiyo iliyokuwa imenilaza chini muda wote huo. Yule jirani aliyechutama aliichukua, akaipima uzito kiganjani, akasema kwamba yeye ndiye aliyeilegeza kwa ule ushauri wake. Sikumjibu, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua ukurasa unaofuata wa kitabu cha matengenezo, unaoeleza namna ya kufunga altaneta mpya. Una sentensi moja: “Kufunga ni kinyume cha kufungua.” Nimeisoma kwa makini. Kwa maelekezo hayo natakiwa nianze na mlio, nifuatishe kwa bomba, kisha waje washauri watatu kuanzia wa mwisho, nilowe mafuta kutoka kwapani kushuka mpaka kiganjani, nilale usiku mmoja, na ndipo nijitokeze mvunguni nikiwa nimevaa shati safi.