Mvua Zikikatika, Saa ya Kuvua Mufindi ni Alasiri

Kila mwaka, mvua zinapokatika kuelekea mwezi Mei na ukungu unapoanza kulala juu ya mashamba ya chai ya Mufindi, mkoani Iringa, hadi saa nne asubuhi, nawaona vijana wakishuka bwawani kungali na giza, mwanzi begani na kopo la minyoo mkononi. Saa tatu nawaona wakipanda tena, vidole vimekufa ganzi na hawana kitu. Wanafanya hivyo kwa sababu wamekua wakisikia kwamba samaki huvuliwa alfajiri, wala hakuna aliyewahi kuwaambia vinginevyo. Mimi nawaambia vinginevyo. Katika nyanda zetu za juu, baridi inapoanza, alfajiri ni saa ambayo perege, yule tilapia wa mabwawani, hana hamu ya chambo, na saa iliyo bora kuliko zote ni kuanzia saa tisa alasiri hadi jua linapokaribia kuzama.

Sikuzaliwa nikijua hivyo. Nilifundishwa kuvua Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, na aliyenifundisha ni mjomba wangu, mtu ambaye hakuruhusu jua limkute kitandani. "Mpwa wangu," alikuwa akiniambia, "ukiona rangi ya maji, ujue umechelewa." Kwa maji yake alikuwa sahihi kabisa. Matema ipo chini, kama mita 475 tu kutoka usawa wa bahari, na ziwa lenyewe ni kubwa na lenye kina kinachopita mita 700, kwa hiyo usiku mmoja hauwezi kulipoza. Mtu anayeingiza mguu majini saa kumi na moja alfajiri huko husikia vuguvugu, na samaki aliye ndani yake ni mchangamfu tayari. Hata hivyo, ukiwachunguza vizuri wavuvi wa kule, utaona kwamba hawafuati saa ya ukutani. Wanaovua usipa kwa taa huangalia mwezi, na usiku wa mwezi mpevu wengi wao hubaki nyumbani wakishona nyavu, kwa kuwa taa haiwezi kuwavuta dagaa wale wakati ziwa zima limeangazwa. Mjomba alinipa saa, lakini nadhani alichokuwa nacho kichwani kilikuwa ni maji, nami nikabeba saa peke yake.

Nilipohamia Mafinga, mji wa huku Mufindi ulio zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nilibeba pia mazoea hayo. Kwa misimu miwili nilikwenda bwawani alfajiri kila Jumamosi ya Mei na Juni, na kwa misimu miwili nilirudi na perege mmoja au sina kabisa, nikilaumu minyoo, nikabadilisha ndoana, nikalaumu bwawa. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng'ombe upande wa pili. Nilimsalimu kwa Kihehe, "Kamwene, babu," naye akaitika, akasimama akitazama boya langu ambalo halikuwa limetikisika kwa saa nzima. Kisha akasema, bila haraka, "Mwanangu, hawa ng'ombe wangu wenyewe hawajaanza kula, wanangoja umande ukauke. Huyo aliye ndani ya maji ya baridi atakula saa ngapi?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kipimajoto nilichokuwa nikitumia kazini kupimia maziwa, nikakifunga kwenye kamba, nikakitumbukiza mahali penye kina cha kiuno, hatua chache kutoka ukingoni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika maji kiasi kwamba sikuiona ncha ya mwanzi wangu, kilisoma nyuzi joto 16. Nikarudi saa tisa alasiri, mahali palepale, kikasoma 20. Tofauti ya nyuzi 4 kwa mtu aliyevaa sweta ni jambo dogo. Kwa samaki si dogo, kwa sababu samaki hana joto lake mwenyewe: mwili wake una joto lilelile la maji yanayomzunguka, na kasi ya tumbo lake kusaga chakula hupanda na kushuka pamoja na maji hayo. Perege ni samaki wa maji ya joto. Hustawi zaidi katika nyuzi 27 hadi 30 za Selsiasi, hamu yake hupungua sana maji yakishuka chini ya 20, na yakifika 16 hula kwa shida mno. Ndiyo maana wafugaji wa samaki wa Mufindi na Njombe hungoja muda mrefu kuliko wenzao wa Kyela, kule chini karibu na Ziwa Nyasa, kabla ya kuvuna mabwawa yao. Katika bwawa letu la mwezi Mei, basi, mstari unaotenganisha samaki anayekula na samaki asiyekula hupita katikati ya siku, na anayekwenda alfajiri amekwenda upande usiofaa wa mstari huo.

Asiyeamini kipimajoto na aamini kisu. Siku moja nilibahatika kupata perege wawili wa ukubwa wa kiganja, mmoja saa moja asubuhi na mwingine saa kumi na moja jioni, nikawapasua sambamba juu ya jiwe moja. Utumbo wa perege ni mwembamba kama uzi wa kufumia, mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, na umejiviringa ndani ya tumbo kama kamba iliyokunjwa. Wa asubuhi ulikuwa mweupe, umelegea, na nilipoubonyeza kwa ubapa wa kisu haukutoa kitu isipokuwa ute. Wa jioni ulikuwa umetuna tangu mwanzo hadi mwisho, wa kijani kibichi iliyokolea, na ulipobonyezwa ulitoa uji laini wa mwani unaonuka bwawa. Perege hula mchana, na usiku tumbo lake hubaki tupu. Mtu angeweza kusema kwamba mwenye tumbo tupu ndiye mwenye njaa, na huko Matema ningekubaliana naye, lakini njaa ya samaki huamshwa na joto, na asubuhi ya Mufindi haina joto la kuiamsha.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu siku hizi vijana husoma ushauri wa uvuvi kwenye simu, na sehemu kubwa ya ushauri huo umeandikwa Marekani kuhusu samaki waitwao besi, wale wenye midomo mipana ambao pia waliletwa Ziwa Naivasha nchini Kenya kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ushauri wenyewe ni mzuri. Besi ni mwindaji anayetegemea macho, hupenda mwanga hafifu unaomficha asionwe na samaki wadogo anaowawinda, na katika kiangazi cha kwao maji ya juu huwa ya moto mno mchana, kwa hiyo huvuliwa alfajiri na jioni. Lakini msomaji wa Iringa hukosea mara mbili. Kwanza, Septemba ya Marekani ni mwezi wa maji kuanza kupoa, na Septemba yetu ni mwezi wa maji kuanza kupata joto, hivyo ushauri ulioandikwa kwa mwezi huo wao unatuhusu sisi mwezi wa Mei. Pili, wavuvi wa Marekani wenyewe, ukiwasoma hadi mwisho, hukiri kwamba kadiri maji yanavyozidi kupoa, ndivyo saa nzuri inavyosogea kutoka alfajiri kuelekea mchana. Wanafuata joto, kama anavyofanya mchungaji wa Mafinga.

Kuna samaki ambaye maneno yangu hayamhusu, naye ni kambale. Yeye hutafuta chakula gizani kwa sharubu zake, na ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, hivyo hata katika yale mabwawa yenye maji ya kijani mazito, ambamo hewa ya majini hupungua kufikia kiwango cha chini kabisa muda mfupi kabla ya mapambazuko, kambale hana shida. Perege katika bwawa la namna hiyo huwa na mzigo mara mbili asubuhi, baridi na upungufu wa hewa, na hilo ni sababu nyingine ya kumngoja hadi mimea ya majini iwe imefanya kazi yake juani. Trauti wa vijito vya msituni ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa wao ni samaki wa maji ya baridi. Na anayeshuka Bwawa la Mtera, kwenye mpaka wa Iringa na Dodoma, avue alfajiri kwa amani, maana kule joto ni la bondeni.

Jambo linaloniuma zaidi ni watoto. Wengi wa wanaotumwa bwawani alfajiri ni watoto wa shule, hawana viatu, wanasimama kwenye matope yenye baridi ili nyumbani pawe na kitoweo, na wanarudi wakikohoa bila hicho kitoweo. Mzazi anayemtuma mtoto baada ya kutoka shule, saa tisa na nusu, atapata samaki wengi zaidi na mtoto mwenye afya. Sioni kwa nini mazoea yashinde jambo lililo wazi namna hii.

Kwa atakayejaribu, alasiri yenyewe ina mpangilio wake. Fika saa tisa, usikae penye kivuli cha miti hata kama panapendeza, kwa kuwa maji ya kivulini hubaki nyuma kwa joto siku nzima. Mei na Juni jua letu hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo miti iliyo kaskazini mwa bwawa ndiyo inayofunika maji, na ukingo wa kusini ndio hukaa wazi. Ila upepo wa kusini mashariki ukivuma kwa nguvu, nenda kinyume na nilivyosema sasa hivi, simama kaskazini magharibi pasipo na miti, maana upepo husukuma maji ya juu, yaliyopata joto, pamoja na vyakula vinavyoelea, hadi upande ule. Funga boya ili chambo kining'inie kwenye kina cha mkono mmoja tu, kwa sababu joto liko juu. Perege hadaki chambo. Hukidonoa, boya hutetemeka kama linalosita, kisha huteleza pembeni bila kuzama, na hapo ndipo pa kuinua mwanzi. Kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu sijawahi kukaa muda mrefu bila kuliona tetemeko hilo.

Jua huzama kwetu karibu saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya hapo baridi huwa imekwisha kushuka kutoka milimani na boya limetulia. Likizama ghafla saa hiyo, likavutwa moja kwa moja hadi chini, huyo ni kambale ameanza zamu yake, na mimi nakunja uzi, namwachia anayependa kuvua usiku.